Tiketi ya spidi si mtumba wa Gikomba

Wacha niseme kitu kitakachonipotezea wafuasi: Wakenya hatujui kupinga tiketi ya spidi. Tunajua kuteremsha bei. Mtu anasimamishwa, anaambiwa ulikuwa unaenda 74 mahali pa 50, na kitu cha kwanza kumtoka mdomoni ni "sasa afande, tunasaidiana aje?" Huko si kupinga. Huko ni kukubali kosa halafu kuomba punguzo, kama uko Gikomba umeshika jinzi ya mtumba.

Ninaandika kwa sababu majuzi nilipost kuhusu kwenda Arusha kwa barabara, na meseji zilizonijia hazikuwa za Mlima Meru wala za nyama choma. Zilikuwa za trafiki wa Tanzania. Mmoja anauliza kama elfu kumi za huko zinatosha kumwachia askari. Mwingine anauliza kama namjua mtu wa kupigia simu. Wa tatu, na huyu alinimaliza kabisa, anasema alijitetea hivi: "Mimi ni Mkenya, sijui sheria zenu." Sasa anashangaa kwa nini haikusaidia. Wasee wote hao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana, yaani nitajuaje kama hiyo spidi ni yangu kweli?

Kwa wenye hawajawahi kuvuka: kutoka Namanga hadi Arusha ni kama kilomita 110. Lami safi, mbuga imefunguka pande zote, unapita Longido, mlima unaanza kutokea mbele. Barabara yenyewe inakuita ukanyage. Halafu kila baada ya muda kuna kijiji, na kijiji kina kibao cha 50 pale kinapoanza, na mbele kabisa kibao kingine cha 50 kilichokatwa mstari, kuonyesha hapo ndiyo mwisho. Kati ya vibao hivyo viwili ndipo pesa za Wakenya huachwa. Mashine ya kupima spidi huko wanaiita tochi, na ukisikia mtu "amepigwa tochi" usidhani alimulikwa gizani. Mara nyingi askari mwenye tochi anakaa upande mmoja, picha inatumwa kwa simu, na mwenzake mwenye sare nyeupe anakusubiri huko mbele akiwa ametulia kama anangoja basi. Faini ni shilingi 30,000 za kwao. Zetu ni kama 1,500 hivi, kutegemea ulibadilisha pesa siku gani.

Kuna ile story ya "wanatutafuta sisi Wakenya." Bana. Paki kando hapo kwa dakika kumi uangalie. Basi la Tanzania linaingia kijijini na linapunguza. Lori linapunguza. Bodaboda, sitasema. Halafu inakuja Subaru yenye namba inayoanza na K, imetanua, inapita wote. Kwani unataka askari amsimamishe nani?

Visingizio vyetu vingine pia havina miguu. "Sikuona kibao" ndicho maarufu zaidi. Limiti ya 50 kwenye makazi ya watu haikuanza jana, iko katika Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, na ni ile ile 50 ya kwetu tukiingia Kajiado au Voi. Hujavuka kwenda sayari nyingine. Wengi hata hawashikwi katikati ya kijiji. Wanashikwa mwishoni, wakishaona kile kibao cha kumaliza kwa mbali na mguu ukishuka kabla gari halijakifikia. Kuona kibao si kukipita.

Kingine ni "dashi yangu ilisoma 50." Sawa, lakini wewe ndiye uliyebadilisha rimu ili ndai ikae vizuri kwa picha. Tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia 5, mita iliyokuwa sawa kabisa sasa ikisoma 50 gari liko 52 na nusu. Ukiweka tairi kubwa zaidi, tofauti inazidi. Hiyo ni hesabu yako na fundi wako, usimletee afande.

Na ile ya wataalamu wa intaneti: "tochi ilikuwa kwenye pembe, kwa hivyo ilinisomea vibaya." Ni kweli pembe inaharibu kipimo. Ila hawakuambii inaharibu kwenda upande gani. Askari akiwa amesimama kando ya barabara, kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo tochi inavyosoma spidi ndogo kuliko ile halisi. Yaani pembe ilikuwa inakusaidia. Ukiipeleka hiyo hoja mbele ya hakimu anayejua fizikia kidogo, umejifunga bao mwenyewe.

Hapa wengine wataanza kuniambia sasa nimekuwa msemaji wa polisi. Hapana. Ninaondoa takataka mezani ili tuongee kuhusu kupinga kwenyewe. Na kabla ya hapo, hesabu moja tu, kwa sababu watu huongea kuhusu 80 na 50 kama ni tofauti ya bei ya mafuta. Ukiwa 50 unasonga karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akitoka nyuma ya ng'ombe, utachukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwa breki, hizo ni mita 21, halafu breki zikishika vizuri kwa lami kavu unaongeza kama 14. Jumla mita 35. Ukiwa 80, jumla inafika karibu 70. Kwa maneno mengine, mahali ambapo gari la 50 limeshasimama, wewe wa 80 ndiyo kwanza unagusa breki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anayegongwa na gari likiwa 50 ana hatari ya kufa isiyofika asilimia 20. Kwa 80 ni karibu asilimia 60. Na hiyo ni ya mtu mzima. Barabara ile ya Longido ina watoto wa shule na mbuzi wanaovuka bila kuangalia mtu. Kwa hivyo ukinipigia kelele kwamba limiti yenyewe ni uonevu, hapo tumeachana.

Lakini limiti kuwa nzuri hakumaanishi kila tiketi ni ya kweli. Hilo ndilo watu hawataki kushika, kwa pande zote mbili. Mashine inaweza kulenga gari lingine. Picha inaweza kuwa ya asubuhi. Namba inaweza kusomwa vibaya. Ndiyo maana hata sheria yetu ya trafiki hapa Kenya, Sura 403, haikubali mtu ahukumiwe kwa spidi kwa sababu tu shahidi mmoja alimtazama akaona anaenda mbio. Lazima kuwe na kitu zaidi ya jicho la mtu. Kupinga ni kuomba hicho kitu.

Mwaka jana nilikuwa nyuma ya usukani wa Fielder ya silva, ya binamu yangu. Na mnajua Fielder ya silva hapa Afrika Mashariki ni kama nzige. Tukasimamishwa kijiji fulani, sitakitaja. Askari alikuwa mzee kidogo, mpole kuliko karao wote nimekutana nao Thika Road.

"Habari za safari, dada yangu. Umezidisha mwendo. Sabini na moja."

"Shikamoo afande. Naomba kuiona picha."

"Marahaba. Picha ipo."

Akatoa simu. Kweli, Fielder ya silva, 71, na saa imeandikwa. Nikamwomba akuze picha kidogo. Akakuza. Namba inaanza na T. Yetu inaanza na K. Akaitazama, akatazama gari letu, akarudi kwa simu.

"Ee. Siyo nyinyi hawa. Mtusamehe, dada. Safari njema."

Hiyo yote ilichukua kama dakika nne, na sikupandisha sauti hata mara moja. Sasa sikiza hii. Wakati naomba picha, binamu yangu alikuwa ameshakunja noti ya elfu kumi ndani ya leseni yake, tayari kuipitisha dirishani. Angewahi kuipitisha, tungelipia spidi ya mtu mwingine, bila risiti, na juu ya hiyo tungekuwa tumefanya kosa la jinai ambalo hatukuwa tumelifanya dakika moja kabla. Sheria ya Tanzania ya kuzuia rushwa ya 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji vilevile. Yetu ya 2016 pia. Yaani kutoka kwa makosa sifuri hadi rushwa, kwa sababu ya haraka ya kufika Arusha kula mishkaki.

Hapo ndipo ninakasirika, enyewe. Kitu kidogo tunakiita njia ya mkato, lakini angalia kinafanya nini kwa ushahidi. Kinaufuta. Ukishatoa noti hakuna picha tena, hakuna saa, hakuna spidi, hakuna mahali pa kurudi kuuliza. Askari mwenye kosa la kusoma namba vibaya hatajua alikosea. Askari mwenye tamaa anajifunza kwamba picha haihitajiki, Wakenya hulipa kwa kuambiwa tu. Halafu wewe ndiye unarudi Nairobi unasema kule kuna ufisadi. Umeubeba kutoka hapa, ukauvusha mpaka bila kuutangaza kwa forodha.

Rafiki yangu mwingine aliomba picha hivyo hivyo. Ikaletwa: namba yake, gari lake, 78, hata sura yake inaonekana kupitia kioo, anacheka. Akanyamaza, akaomba aandikiwe. Hiyo pia ni kupinga, wasee. Umeuliza, umejibiwa, mambo yameisha. Akapewa karatasi yenye namba ya malipo ya serikali, akalipa kwa wakala wa pesa za simu hapo karibu, ujumbe ukaingia, akaupiga picha na kuendelea. Na tafadhali lipa kabla hujarudi nyumbani, kwa sababu deni linakaa kwenye mfumo kwa namba ya gari, na likicheleweshwa linaongezeka. Usije ukamwachia mathe gari lako Desemba anapeleka familia Moshi, asimamishwe aambiwe ana faini yako ya Aprili.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu serikali nazo zisikae hapo zikitabasamu.

Tuseme picha haikuonyeshwa. Au imeonyeshwa lakini haisomeki, na askari amekataa katakata. Una haki ya kukataa faini na kesi iende mahakamani. Kwenye karatasi hiyo haki ni nzuri sana. Kwa mgeni, ni mapambo. Faini ni kama 1,500 zetu. Kwenda mahakamani ni kubaki hapo siku kadhaa au kurudi tena baadaye: nauli, chumba, kazi uliyokosa, muhuri mwingine kwa pasipoti. Hakuna mtu mwenye akili atatumia elfu ishirini kuokoa elfu moja na mia tano. Kwa hivyo mgeni asiye na kosa analipa, na mgeni mwenye kosa analipa, na mfumo hauwezi kuwatofautisha. Unaitaje haki kitu ambacho bei yake imepangwa ili usikinunue?

Na kabla hamjaanza kuchapa Tanzania kwa maoni, kwetu ni vibaya zaidi. Kanuni zetu za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinasema ukizidisha kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Zetu hizo, si za Tanzania. Ukipita hapo, unasimama mbele ya hakimu. Yule jamaa wa 78 aliyelia kuhusu shilingi 1,500, angefanya hiyo kitu Voi angekuwa kortini. Sasa geuza: dereva wa lori kutoka Tanga ameshikwa Voi Ijumaa jioni na anaamini mashine imekosea. Atalala wapi hadi Jumatatu? Nani atamweleza utaratibu? Mzigo je? Huyo naye atakunja noti. Si kwa sababu ni mfisadi kwa asili. Ni kwa sababu tumemwachia mlango mmoja tu.

Wenye binamu Uingereza wanajua kule inaenda aje. Barua ya kwanza inatakiwa imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14. Unatakiwa useme nani alikuwa anaendesha, halafu unachagua: ukubali pauni 100 na pointi tatu kwa leseni, au uende mahakamani, ambako ukishindwa faini inaweza kufika pauni 1,000. Si watu wapole hao, na ukipuuza hiyo barua wanakuongezea kesi nyingine. Lakini mpango wa kupinga umo ndani ya barua yenyewe. Huhitaji kumjua mtu.

Sisi tunashindwa na nini? Mahakama za Kenya zimekuwa zikisikiliza kesi kwa video tangu 2020, wakati wa korona. Watu wamejitetea wakiwa jikoni kwao. Tochi ya Tanzania tayari inapiga picha, picha tayari iko kwenye simu, malipo tayari yana namba. Kinachokosekana ni kitu kidogo, na safari hii namaanisha kidogo kweli: picha iwekwe kwenye rekodi ya faini ili niweze kuifungua mimi mwenyewe, na kuwe na mahali pa kuandika "sikubali, sababu ni hii" ndani ya siku kadhaa, nikiwa Namanga au nikiwa Rongai. Afisa mwingine, asiye yule aliyenisimamisha, aangalie picha na ajibu. Kesi nyingi zitaisha hapo. Nyingi zitaisha kwa dereva kuona uso wake kwa kioo anacheka.

Na iende pande zote. Dereva wa Tanga apate hiyo hiyo akishikwa Voi. Mganda akishikwa Nakuru apate. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika Julai 2010, tunaambiwa watu na bidhaa wapite kwa uhuru, Namanga kwenyewe kumejengwa kituo kimoja cha mpakani ili usipange foleni mara mbili. Lakini ukipata tiketi ya uongo kilomita chache baadaye, ghafla wewe ni mgeni tena.

Kinachonichekesha ni hii barabara inaishia wapi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha. Bunge la Afrika Mashariki pia, na Kenya ina wabunge tisa waliochaguliwa humo, ambao nadhani wengi wenu hamwezi kutaja hata wawili. Wanalipwa kufikiria mambo kama haya. Najua wengine hupanda ndege. Basi kikao kijacho waende kwa gari, wapite Namanga, wapite Longido, na wakipigwa tochi waombe picha kama sisi. Wakikosa kuonyeshwa, watakuwa na hoja ya kuanza nayo wakifika.